Kutega Kompyuta Ijizime kwa Wakati na Kuitegua Kabla Haijazima: Mwongozo Kamili

Kila jioni, ninapokaribia kushusha mlango wa steshenari yangu hapa Mtwara mjini, huwapo kompyuta moja ambayo bado ina kazi. Pengine inapakua masasisho kwa bando la usiku, pengine inanakili mafaili ya mteja kwenda kwenye diski ya nje, na msimu wa korosho unapoanza mwezi Oktoba, mara nyingi huwa inachapisha orodha ndefu za wakulima wa chama fulani cha msingi, ambazo lazima ziwe tayari kabla ya mnada. Kuisubiri mpaka imalize ni kulala dukani. Kuiacha ikiwaka mpaka asubuhi ni kuchoma uniti za LUKU bure, kwa sababu kompyuta ya mezani inayokula wati 100 ikiachwa kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi hutumia uniti nzima, na duka lenye mashine tano kama hiyo litatumia uniti tano katika usiku mmoja ambao hakuna aliyefanya kazi.

Dawa yake imo ndani ya kompyuta yenyewe na haihitaji programu ya kununua wala ya kupakua. Mfumo endeshi wowote wa leo, uwe Windows, Linux au macOS, una amri ya kuitega mashine ijizime baada ya muda fulani au ifikapo saa fulani, na una njia ya kuutegua mtego huo kabla haujafyatuka. Nitakaa zaidi kwenye Windows, kwa kuwa ndiyo iliyojaa katika maduka na ofisi za huku kusini, kisha nitapita kwenye mingine miwili.

Jifunze kutegua kwanza

Wengi hufundishwa kutega tu, na siku mtego unapowakuta katikati ya kazi hubaki wakiitazama skrini huku dakika zikiyoyoma. Kwa hiyo tunaanzia mwisho. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, na kijisanduku kidogo kitafunguka chini kushoto mwa skrini. Andika maneno haya, ukiacha nafasi moja kabla ya mkwaju, yaani alama /, kisha bonyeza Enter:

shutdown /a

Herufi a ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kukatiza. Ikiwa mashine ilikuwa imetegwa, utaona taarifa ikijitokeza upande wa kulia kukueleza kwamba uzimaji umefutwa. Ikiwa haikuwa imetegwa, amri hiyo haidhuru chochote. Itajibu tu kwamba hakuna uzimaji unaoendelea, na jibu hilo hubeba namba 1116. Tatizo la kijisanduku kile ni kwamba jibu hutokea katika dirisha jeusi linalofumba na kufumbua likatoweka, hivyo anayetaka kulisoma afungue kwanza dirisha la amri kwa kuandika cmd ndani ya kijisanduku hicho hicho, kisha aandike amri zake humo.

Amri ya kutegua ina mpaka mmoja: hufanya kazi wakati wa kuhesabu tu. Muda ukishaisha na mashine ikaanza kufunga programu, umechelewa, na hakuna amri ya kuirudisha nyuma.

Kutega kwa kuhesabu sekunde

Sasa fungua dirisha la amri na uandike:

shutdown /s /t 3600

Alama /s inaiambia kompyuta izime, na /t inatangulia idadi ya sekunde za kusubiri, ambazo hapa ni 3600, yaani muda wa saa moja. Ukiweka /r badala ya /s, mashine itajizima na kujiwasha upya. Ukiiacha /t kabisa, Windows itachukua sekunde 30 kuwa ndicho kipimo chake, muda ambao hautoshi hata kumwita mwenzako aliye chumba cha pili. Kikomo cha juu ni sekunde 315360000, sawa na miaka kumi, na sijawahi kukutana na mtu mwenye haja nayo.

Zizoee sekunde chache utakazozitumia mara kwa mara: nusu saa ni 1800, saa mbili ni 7200, saa tatu ni 10800, na saa tano ni 18000. Kwa muda mwingine wowote, zidisha dakika zako kwa 60.

Unaweza pia kuambatanisha ujumbe utakaosomwa na yeyote atakayekuwa mbele ya skrini, ili asidhani mashine imeharibika. Ujumbe huwekwa baada ya alama /c, ndani ya alama za kunukuu, na usizidi herufi 512:

shutdown /s /t 1800 /c "Tunafunga duka. Hifadhi kazi yako sasa."

Hapa ndipo penye jambo ambalo limewaumiza watu wengi kuliko mengine yote. Ukiwa umeweka muda wowote unaozidi sifuri baada ya /t, Windows huchukulia kwamba umeruhusu programu zifungwe kwa nguvu. Katika uzimaji wa kawaida, ule wa kubonyeza kwenye menyu, barua ambayo haijahifadhiwa huizuia kompyuta na kuuliza kama unataka kuihifadhi. Katika uzimaji wa kutegwa, swali hilo halina uzito. Muda ukiisha, barua inakwenda na maji. Programu ya Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 ikiwa mpangilio wake haujabadilishwa, lakini usiitegemee kama akiba, kwa kuwa yaliyoandikwa baada ya nakala ya mwisho hayamo.

Ikiwa umetega na baadaye ukaona muda hautoshi, huwezi kuandika amri ya pili juu ya ya kwanza. Windows itakukatalia kwa jibu lenye namba 1190, kukujulisha kwamba uzimaji umekwisha kupangwa. Tegua kwanza kwa shutdown /a, kisha tega upya kwa muda mpya. Kukataa huko kuna faida yake: Windows haikupi amri nyepesi ya kuuliza kama mashine imetegwa au la, na jibu la 1190 ndiyo ishara ya haraka kwamba kuna mtu alikutangulia.

Kukadiria muda wa kutosha

Kwa upakuaji, kadirio si la kubahatisha. Kasi ya intaneti hutangazwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti au gigabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo intaneti ya megabiti 8 kwa sekunde huingiza megabaiti 1 kwa sekunde. Faili la gigabaiti 6 litachukua takribani sekunde 6000, ambazo ni dakika 100. Mimi huongeza nusu ya muda huo juu yake, kwa sababu kasi hupanda na kushuka, na hivyo ningeitega kwa sekunde 9000.

Kabla ya kuondoka, hakikisha kompyuta haitalala. Mashine ikilala, upakuaji husimama, na asubuhi utaikuta na nusu ya faili. Amri mbili zifuatazo huizuia isilale inapokuwa kwenye umeme, lakini huiacha skrini izime baada ya dakika 5, jambo ambalo haliathiri kazi yoyote na huokoa umeme:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

powercfg /change monitor-timeout-ac 5

Saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta

Kutega kwa sekunde hakuna utata wa saa. Utata huanza unapotaka mashine ijizime ifikapo saa fulani, kwa kuwa sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane. Kila mtu anajua jambo hili anapoangalia saa ya mkononi, na bado humponyoka anapokaa mbele ya kibodi.

Kijana niliyekuwa namfundisha kazi aliambiwa azitege mashine zizime saa moja jioni. Akafungua ratiba, akaona visanduku vya saa, akachagua moja, na kwa kuwa jioni ni baada ya adhuhuri, akachagua alama ya PM. Kesho yake, saa saba kamili mchana, kompyuta ya mbele ikatangaza kwamba itazima baada ya dakika moja. Kijana alikuwa nyuma, kwenye mashine ya kudurufu. Mzee kutoka Mikindani aliyekuwa akiandikiwa barua ya mirathi aliketi akiitazama taarifa ile ya Kiingereza kwa adabu, akidhani ni sehemu ya kazi, mpaka skrini ikawa nyeusi. "Mwanangu," aliniambia nilipoingia, "barua yangu imekwenda wapi?" Tuliipata aya ya kwanza tu katika nakala ya dharura, na iliyobaki tukaiandika upya bila malipo.

Kanuni niliyoibandika ukutani tangu siku hiyo ni hii. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa nne asubuhi ni 10:00, saa saba mchana ni 13:00, na saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Kuanzia saa moja usiku mpaka saa tano usiku, ongeza 18: saa moja ni 19:00, na saa tatu ni 21:00. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, toa 6: saa sita ni 00:00, saa nane ni 02:00, na saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Andika kwa mtindo wa saa 24 kila inapowezekana, kwa sababu alama za AM na PM ni chanzo cha pili cha makosa.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Kompyuta hubadilisha tarehe saa sita kamili usiku, wakati kwetu mtu akisema usiku wa Jumamosi, huenda anakusudia usiku unaotangulia Jumamosi au ule unaoifuata, kutegemea alikozaliwa na alivyolelewa. Mteja anapotaka kazi yake iendelee mpaka saa nane usiku, muulize kama ni usiku wa kuamkia Jumamosi au wa kuamkia Jumapili, kisha iandikie kompyuta siku ile inayoamkiwa. Saa nane usiku wa kuamkia Jumapili ni 02:00 ya Jumapili.

Hatimaye, hakikisha saa ya mashine ni sahihi. Kompyuta kuukuu zenye betri ndogo ya ndani iliyokwisha, ile bapa ya duara iitwayo CR2032, husahau tarehe kila umeme unapokatika, na ratiba yoyote utakayoiwekea itafuata saa hiyo ya uongo. Betri hiyo hubadilishwa kwa dakika chache. Upande wa ukanda wa saa, Windows huiweka Tanzania pamoja na Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya dunia, na amri ya kuuweka sawa ni hii:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"

Kuweka ratiba ya kila siku

Sekunde zinafaa kwa usiku mmoja. Kwa duka au ofisi inayofunga saa ile ile kila siku, tumia chombo cha ratiba cha Windows kiitwacho Task Scheduler. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika taskschd.msc, kisha Enter. Upande wa kulia chagua Create Basic Task, ipe kazi hiyo jina unalolikumbuka, mfano ZimaJioni, chagua Daily, weka saa ya kuanza, kisha chagua Start a program. Katika kisanduku cha programu andika shutdown peke yake, na katika kisanduku cha chini yake, cha nyongeza, andika /s /t 600. Bonyeza Finish.

Dakika 10 zile za mwisho, yaani sekunde 600 ulizoandika baada ya /t, si mapambo. Ratiba ikifika inaanzisha hesabu, na hesabu hiyo ndiyo nafasi pekee ya mtu aliye kazini kuhifadhi au kutegua. Wanaoweka sifuri ili mashine izime papo hapo wanajichongea.

Anayependa kuandika kuliko kubonyeza anaweza kumaliza yote kwa mstari mmoja katika dirisha la amri. Mfano huu unaanza kuhesabu saa moja na nusu usiku kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, na mashine huzima dakika 10 baadaye:

schtasks /create /tn "ZimaJioni" /tr "shutdown /s /t 600" /sc weekly /d MON,TUE,WED,THU,FRI,SAT /st 19:30

Baada ya kuiunda, irudie ratiba ndani ya Task Scheduler, ibonyeze mara mbili, na ukague mambo mawili ambayo hukwamisha watu bila kuwaeleza sababu. La kwanza lipo kwenye kichupo cha Conditions, ambako Windows huweka alama ya vema kwamba kazi ianze tu ikiwa kompyuta inatumia umeme wa ukutani. Kwa kompyuta mpakato iliyo kwenye betri, au jioni ambayo umeme umekatika, ratiba haitafanya kazi na mashine itakesha mpaka betri iishe. Ondoa alama hiyo. La pili lipo kwenye kichupo cha Settings, nalo ni kisanduku kinachosema kazi iliyokosa wakati wake ifanywe mara tu itakapowezekana. Hicho kiache kitupu. Ukikitia alama, siku ambayo umeme ulikatika kabla ya saa ya kufunga, kompyuta itakumbuka deni lake asubuhi, na utakapoiwasha itaanza kukuhesabia izime.

Kutegua ratiba: ngazi mbili

Wengi hapa huchanganya mambo mawili. Ratiba ni mlinzi anayekuja kila jioni saa ile ile; hesabu ya sekunde ni kazi anayoianza akishafika. Ukiandika shutdown /a wakati hesabu inaendelea, umeisimamisha kazi ya leo, lakini mlinzi atarudi kesho. Ukiifuta ratiba wakati hesabu imekwisha kuanza, umemfukuza mlinzi, lakini kazi aliyoianza itakamilika na mashine itazima. Mwenye kutaka vyote viwili hana budi kufanya vyote viwili.

Kuisimamisha ratiba kwa muda, kama katika wiki za mnada ambapo duka hufungwa kwa kuchelewa, andika:

schtasks /change /tn "ZimaJioni" /disable

Msimu ukipita, andika /enable mahali pa /disable. Kuifuta moja kwa moja, andika:

schtasks /delete /tn "ZimaJioni" /f

Baadhi ya amri hizi hukataa kwa madai ya kukosa ruhusa. Katika hali hiyo funga dirisha la amri, litafute tena jina cmd kwenye menyu ya kuanzia, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague kulifungua kama msimamizi.

Faili dogo la kuwarahisishia wenzako

Si haki kumtaka kila msaidizi akariri sekunde. Fungua Notepad, andika mistari ifuatayo, na uhifadhi faili kwa jina la tega.bat kwenye skrini ya mwanzo ya kompyuta (Desktop):

@echo off
set /p dakika=Izime baada ya dakika ngapi? 
set /a sekunde=dakika*60
if %sekunde% LSS 60 exit
shutdown /s /t %sekunde% /c "Kompyuta imetegwa. Hifadhi kazi yako."
pause

Ukilibonyeza mara mbili litauliza dakika, litazidisha lenyewe, na kutega. Mstari wa nne ndio kinga: bila huo, msaidizi akibonyeza Enter pasipo kuandika namba yoyote, sekunde zitakuwa sifuri na mashine itazima papo hapo. Mwambie pia asianze namba kwa sifuri, kwa kuwa 08 na 09 husomwa na Windows kama namba za mfumo mwingine wa kuhesabu na kuvuruga hesabu. Tengeneza na faili la pili liitwalo tegua.bat lenye mstari mmoja tu, shutdown /a, uliweke pembeni yake.

Jina la faili nalo lina mipaka yake. Usiliite shutdown.bat kamwe. Windows hulitafuta jina la amri kwanza mahali faili lilipo, kwa hiyo faili litajiita lenyewe, nalo litajiita tena, na utaona maswali yakizunguka bila mwisho na mashine isizime. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikidhani ni kirusi.

Kulaza badala ya kuzima

Ipo hali ambayo unataka umeme usitumike lakini madirisha yote yabaki kama yalivyo. Hiyo ndiyo kazi ya alama /h, ambayo huandika yaliyomo kwenye kumbukumbu ya muda ndani ya diski, kisha mashine ikazimika. Haiendi pamoja na /t, hivyo muda huwekwa kwa amri nyingine inayotangulia:

timeout /t 3600 /nobreak & shutdown /h

Dirisha hilo lazima libaki wazi likihesabu. Kutegua kwake ni kulifunga. Shutdown /a haitasaidia hapa, kwa kuwa bado hakuna uzimaji uliopangwa.

Kwenye Linux na macOS

Watumiaji wa Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, na ndugu zake wanapaswa kukumbuka tofauti moja kabla ya zote: huku namba ni dakika, si sekunde. Aliyezoea Windows akiandika 3600 kwa kutaka saa moja, ataitega mashine kwa siku mbili na nusu. Fungua dirisha la amri na uandike moja ya hizi mbili, ya kwanza ikihesabu dakika 60 na ya pili ikilenga saa moja na nusu usiku:

sudo shutdown -h +60

sudo shutdown -h 19:30

Ikiwa saa uliyoitaja imekwisha kupita leo, mashine itaichukua kuwa ni ya kesho. Usipotaja muda wowote, itasubiri dakika moja. Kutegua ni sudo shutdown -c. Linux ina uungwana ambao Windows haina: amri mpya hushika nafasi ya ile ya zamani bila kulalamika, na dakika tano kabla ya kuzima huwazuia watumiaji wapya wasiingie. Kwa ratiba ya kudumu, andika sudo crontab -e na uongeze mstari huu, ambao huitega mashine saa moja na nusu usiku kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, ikiwa na dakika 10 za tahadhari:

30 19 * * 1-6 /usr/sbin/shutdown -h +10

Kwenye macOS, kutega kwa dakika kunafanana na Linux, lakini -c haipo. Badala yake unaiua programu inayohesabu kwa kuandika sudo killall shutdown. Kuanzia toleo la Ventura la mwaka 2022, ukurasa wa kuweka ratiba uliokuwa kwenye mipangilio uliondolewa, na sasa ratiba huandikwa kwa amri. Ya kwanza hapa chini inaweka, ya pili inaonyesha kilichowekwa, na ya tatu inafuta:

sudo pmset repeat shutdown MTWRFS 19:30:00

pmset -g sched

sudo pmset repeat cancel

Herufi zile ni siku za wiki kwa Kiingereza kuanzia Jumatatu, ambapo R ni Alhamisi, S ni Jumamosi, na U ni Jumapili.

Asubuhi yake: ilizima yenyewe au umeme ulikatika?

Unafika dukani, kompyuta imezima. Huwezi kujua kwa kuitazama kama ilifuata mtego au umeme ulikatika katikati ya kazi, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa faili lililokuwa likinakiliwa. Iwashe, bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs kisha System, na utafute namba katika safu ya Event ID. Namba 1074 maana yake kuna programu au mtu aliyeiagiza izime, na ukiisoma utaona jina la mtumiaji, saa kamili, na ule ujumbe ulioandika baada ya /c. Namba 6008 na 41 huandikwa mashine inapowaka baada ya kuzimika bila kuaga, jambo ambalo kwa kawaida huwa ni kukatika kwa umeme. Ukiziona hizo, usimkabidhi mteja diski yake kabla hujafungua mafaili machache na kuhakikisha yanasomeka.

Mtego pia hauzimi kila kitu. Printa, skrini na UPS (kifaa cha akiba ya umeme) hubaki zikipata umeme kutoka ukutani, na msimu wa mvua radi hupita kwenye nyaya hizo hizo na kuiunguza kompyuta iliyozimwa sawasawa na iliyo wazi. Jioni ambayo wingu limetanda juu ya bahari, mimi huahirisha kazi ya usiku, huandika shutdown /a, huzima mashine kwa mkono, na kuchomoa plagi zote kabla ya kushusha mlango.